Wimbo Uitwao Sikudhani

Ruangwa,
9 Juni 2024

Shemeji Mikidadi,

Salamu kwako, kwa Mama Jamali na kwa wote hapo nyumbani. Sisi tupo. Ufuta tumeshakata, sasa tunakung'uta, mgongo tu ndio umegoma.

Ningeweza kukupigia simu, namba yako ninayo. Lakini najijua. Kwenye simu ningelia au ningekutukana, na yote mawili sitaki. Kwenye karatasi nikikosea angalau nafuta.

Jumatano nilikuwa shambani nakung'uta ufuta, redio nimeitundika kwenye nguzo ya kibanda. Mtangazaji akasema imetoka albamu huku kwetu kusini, ya wazee watatu wanaopiga jazi kwa magitaa peke yake, hakuna mwimbaji wala ngoma. Solo, rithimu, besi, basi. Akataja jina la albamu, Magitaa Matatu ya Mnero. Akakutaja wewe, akamtaja Ildefonsi na Mustafa. Nilifurahi kweli, nikamwita binti yetu Shamimu aje asikilize wenzake na marehemu baba yake. Akasema nyimbo ni tisa, nane mmetunga wenyewe na mmoja mmeuchukua kwenye ngoma za Kimwera. Halafu akasema, sasa tusikilize wimbo wa nne, unaitwa Sikudhani, mtunzi ni Mikidadi Jamali.

Shemeji, mganda wa ufuta ulinidondoka nje ya turubai. Shamimu akaniangalia. Wimbo ukaanza, ni ule ule.

Unajua vizuri wimbo huo ni wa nani. Ulikuwepo kwenye harusi yangu mwaka tisini na tisa, ulikaa kiti cha pili kutoka kwa bwana harusi, na gitaa mkononi. Msema chochote alitangaza mbele ya watu wote kwamba Mahamudu amemtungia bibi harusi wimbo, na wimbo una jina langu. Watu walinishangilia mpaka nikajifunika kanga. Nimeishi na wimbo huo miaka ishirini. Watoto nimewalaza nao, yeye akipiga mlangoni. Ameondoka mwaka wa tano sasa. Shamba aliloacha tumegawana na ndugu zake, gitaa lake liliuzwa wakati wa ugonjwa. Kilichobaki kwangu ni huo wimbo. Leo na wenyewe una mwenyewe mwingine.

Naomba unieleze.

Shemeji yako,
Sikudhani Kaimu


Nachingwea,
16 Juni 2024

Shemeji Sikudhani,

Barua nimeipata kwa kondakta wa basi. Nimeisoma mara mbili. Pole sana kwa kuumia, na pole na ufuta.

Tulirekodi mwezi wa pili, siku mbili tu, katika chumba wanachorekodia kwaya kule Mnero. Mwalimu Rozalia ndiye mwenye vyombo. Alikuwa akiuliza kila wimbo nani mtunzi, anaandika. Tulipofika huo nikajibu bila kufikiri. Nilikuwa nimechoka.

Nitamwambia abadilishe, aandike Mahamudu. Karatasi za kusajili nyimbo bado hazijaondoka, zitapelekwa mwisho wa mwezi wa nane, kwa hiyo nafasi ipo. Nitamwomba na yule mtangazaji asahihishe.

Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vimekufa ganzi tangu mwaka jana. Ndiyo sababu niliwasukuma wenzangu turekodi haraka. Mustafa naye presha inamsumbua, Ildefonsi macho. Nilitaka tu sauti zibaki mahali. Majina sikuyawaza sana.

Nisamehe.

Mikidadi Jamali


Ruangwa,
24 Juni 2024

Shemeji,

Nimesoma jibu lako na nimezidi kuumia. Nilitegemea utabisha. Ungebisha hata kidogo ningejua una jambo, pengine mlitunga wawili, pengine mimi sijui mambo ya bendi. Lakini umekubali siku hiyo hiyo, kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani mkononi. Maana yake ulijua unachofanya. Ulisubiri mwenzako afe, ukasubiri miaka mitano watu wasahau, ukauchukua.

Na mimi nilikuwa nakuheshimu kuliko wote katika ile bendi. Wengine walikuwa wanakunywa, wewe ulikuwa unakaa kimya pembeni unafuta nyuzi za gitaa kwa kitambaa. Kumbe ukimya wenyewe ndio huu.

Kubadilisha karatasi hakutoshi. Shamimu anaolewa tarehe ishirini na moja mwezi wa tisa. Tulipanga wimbo wa baba yake upigwe bibi harusi anapotoka ndani. Sasa ukweni kwake wamesikia redio, wameanza kumuuliza ni wa baba yako au wa nani. Binti anarudi nyumbani analia. Nataka uandike kwa mkono wako, uweke sahihi, na mwenzako mmoja ashuhudie, kwamba mtunzi ni Mahamudu. Nitaipeleka mwenyewe redioni isomwe.

Usiponiandikia nitakuja Nachingwea, na nitasema mbele ya mkeo na majirani.

Nimechoka, Shemeji. Tangu azikwe Mahamudu sijapata hata mwezi mmoja wa kupumzika, na wewe umeniongezea.

Sikudhani


Nachingwea,
3 Julai 2024

Shemeji Sikudhani,

Ulichoomba nimekiandika kwenye karatasi ya pili, iko ndani ya bahasha hii. Inasema hivi: Mimi Mikidadi Jamali, mpiga gitaa la solo, natamka kwamba wimbo uitwao Sikudhani ulitungwa na marehemu Mahamudu kwa ajili ya mke wake, na kwamba kutajwa kwa jina langu kulikuwa kosa langu. Nimeweka sahihi.

Shahidi sikupata. Nilikwenda kwa Ildefonsi, akaisoma, akanirudishia, akaingia ndani. Mustafa amesema asichokiona Ildefonsi na yeye hakioni. Usiwajali, ni wazee, wana hasira zao. Sahihi yangu inatosha.

Kupiga harusini sitaweza, mkono hauruhusu. Lakini albamu ipo, mpigieni binti hiyo. Mwambie jina limesharekebishwa, asilie tena.

Hapa nyumbani usije kwa shari, nakuomba. Si kwa ajili yangu.

Mikidadi


Ruangwa,
21 Julai 2024

Shemeji Mikidadi,

Karatasi yako sijaipeleka redioni. Iko chini ya godoro langu, na nitakueleza kwa nini.

Nilikasirika Ildefonsi alipokataa kushuhudia. Nikasema huyu naye yumo. Jumatatu nikapanda gari mpaka Mnero, nikauliza kwake nikaonyeshwa. Nilimkuta barazani anamenya mihogo, macho yale karibu na kisu kama anasoma. Alinijua kwa sauti. Akanipa kiti. Nikamwambia nimekuja kuchukua sahihi.

Hakugomba. Aliendelea kumenya, akaniuliza niliolewa mwezi gani. Nikamwambia, mwezi wa nane, tisini na tisa. Akaniuliza Mahamudu alinichumbia lini. Nikamwambia, mwisho wa mwaka tisini na nane. Ndipo akaweka kisu chini.

"Shemeji," akasema, "wimbo huo niliusikia mwezi wa tano mwaka tisini na nane, hapa hapa ulipokaa. Mikidadi alikuja na gitaa, mtoto wake hana hata arobaini kaburini. Alipiga huo tu mpaka jua likazama. Nilipomuuliza unaitwaje, akasema unaitwa Sikudhani. Wewe wakati huo hakuna aliyekujua."

Nikamwambia anadanganya. Akasema yeye ni mtu wa miaka sabini na moja, ana sababu gani ya kudanganya juu ya mtoto aliyekufa. Halafu akasema kama nataka sahihi yake nimkate mkono, niuchukue niandike nao.

Nilirudi kwenye gari sioni njia. Mpaka leo nikilala nasikia kama kitanda kinayumba.

Mimi sikujua kama mlifiwa. Nilipoolewa niliwakuta na Jamali mchanga, nikajua ndiye wa kwanza. Mahamudu hakuniambia kitu. Hakuna aliyeniambia kitu.

Sasa niandikie ukweli, Shemeji, usinihurumie. Na mtoto alikuwa anaitwa nani?

Sikudhani


Nachingwea,
4 Agosti 2024

Shemeji Sikudhani,

Anaitwa Hajra. Alikuwa na miaka minne na miezi miwili. Jina hili sijaliandika tangu nilipoliandika kwenye kadi ya kliniki.

Tulikuwa tunaishi Marambo wakati huo. Ulikuwa mwaka wa ile mvua ya Elinino, barabara zote zimekatika. Bendi ilialikwa kuja kupiga kwenu Ruangwa, Idd el-Haji, siku mbili. Hajra alikuwa na homa tangu jana yake. Mama yake akasema nisiende. Nikamwambia ni homa tu kama za siku zote, keshokutwa nimerudi. Nikambusu mtoto kichwani, kilikuwa cha moto, nikabeba gitaa nikaondoka.

Tukapiga siku mbili. Kurudi, mto umejaa, gari likakwama, tukakaa kijijini kwa watu tukisubiri maji yapungue. Simu hazikuwepo. Nilifika Marambo siku ya nne. Walikuwa wameshamzika. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, nami nikasema neno moja tu, sikudhani. Hakunijibu. Mpaka leo hatujalizungumza.

Neno hilo likawa halinitoki. Nalima, lipo. Nakula, lipo. Nikilishika gitaa linatoka hilo hilo. Ndio wimbo. Hauna maneno kwa sababu neno lilikuwa moja.

Mwaka uliofuata tulikuwa mazoezini, nikaupiga. Mahamudu akaupenda, akauliza jina. Nikamwambia unaitwa Sikudhani. Shemeji, uso wake uliwaka. Akaja akanikumbatia, akasema, "Ndugu yangu, umenitungia wimbo wa harusi." Kumbe ndiyo kwanza amechumbia, na mchumba jina lake ndilo hilo, na mimi lilikuwa limenipita. Ildefonsi alinitazama, nikamwashiria anyamaze. Ningemwambia nini mtu aliyefurahi vile? Kwamba si mchumba wako, ni maiti ya mwanangu? Nikanyamaza.

Siku ya harusi yule msema chochote akakosea, akatangaza kwamba ametunga bwana harusi. Mahamudu aligeuka akaniangalia, anataka kusimama arekebishe. Nikamtikisia kichwa, akae. Basi ikawa hivyo. Baadaye nadhani aliona aibu kukuambia, na kadiri miaka ilivyokwenda aibu ikawa kubwa zaidi. Usimchukie. Hakuiba, alipewa. Na rithimu ya ule wimbo ni yake kweli, aliitafuta mwenyewe wiki nzima. Bila rithimu ile ulikuwa kilio tu, watu wasingeusikiliza.

Mwezi wa pili Mwalimu Rozalia aliponiuliza nani mtunzi, nilisahau kwamba nilishautoa. Hiyo ndiyo habari yote.

Karatasi unayo. Ukitaka ipeleke, ukitaka ichome. Sina nguvu ya kuushindania, na ninavyokuona nawe huna.

Mikidadi


Ruangwa,
18 Agosti 2024

Shemeji,

Nimeichoma. Nilimpigia Mwalimu Rozalia mwenyewe nikamwambia aandike mtunzi ni Mikidadi Jamali, na rithimu ya kwanza ni ya Mahamudu. Akasema ndivyo atakavyopeleka. Shamimu nimemweleza. Jioni akasema wimbo wa msiba hatatoka nao ndani, tutafute mwingine. Sikumlazimisha.

Ninakusamehe na ninaomba unisamehe, hasa ile ya kuku wa jirani. Lakini usinitake nisimkasirikie Mahamudu. Leo nimekwenda kaburini kwake kung'oa majani, nikajikuta nimekaa tu, majani yamebaki. Miaka ishirini mtu analala na mimi, tunakula sahani moja, ananipigia wimbo huo mlangoni, na mimi nafumba macho nasema mimi ndiye. Angeniambia hata mwaka wa kumi. Ningelia siku mbili, yangeisha. Sasa nitamgombeza nani?

Na kuna jingine. Idd ile mliyokuja kupiga Ruangwa, mimi nilikuwepo. Dansi lile ndipo Mahamudu aliponiona. Nilivaa gauni la dada yangu, nilicheza kuliko wote. Tangu nimesoma barua yako najiona ninavyocheza, na ninajua wakati ule ule Marambo kulikuwa na nini.

Barua zote tulizoandikiana, Mama Jamali humtaji. Tangu nimeolewa hajawahi kukanyaga kwangu, hata kwenye msiba hakuja. Nilidhani ni mtu asiyependa safari. Je, yeye anajua kwamba wimbo huo ni wa mtoto wake? Kama hajui, mwambie. Usinijibu mimi kwanza. Mwambie yeye.

Kadi ya harusi ipo kwenye bahasha hii, ina majina yenu wawili.

Sikudhani


Nachingwea,
8 Septemba 2024

Kwa Sikudhani,

Mimi Zaina. Shule niliishia la nne, kwa hiyo barua hii nimeiandika siku tatu, usicheke mwandiko.

Baba Jamali aliweka barua zako zote kwenye mkeka, na zake alizokuwa akiandika kwanza kwenye daftari. Akaniambia soma, halafu akaenda kupulizia mikorosho. Alirudi jioni, dawa imemjaa kichwani, akanikuta bado nimekaa pale pale.

Sasa na mimi nikwambie ya kwangu, kwa sababu wewe ndiye uliyesema niambiwe.

Mimi nilijua siku nyingi kwamba wimbo kautunga yeye. Ildefonsi aliniambia, mwaka ule ule ulipoolewa, alidhani najua. Na jina la wimbo ni Sikudhani. Na Sikudhani ni mtu wa Ruangwa. Na Idd ile, mwanangu akifa mikononi mwangu, mume wangu alikuwa Ruangwa. Nilipoyaweka pamoja nikapata hesabu yangu. Nikasema hakukwamishwa na mto, alikwamishwa na mwanamke. Nikasema ameshindwa kumwoa, amempa rafiki yake, na wimbo akamtungia.

Neno alilosema mlangoni nililisikia. Lakini niliolewa na mtu asiyesema, nikadhani hilo nalo ni la kupita. Sikulifananisha na wimbo hata siku moja.

Kwa hiyo sikuja kwako kwa sababu ya chuki. Msiba wa Mahamudu nilisema naumwa mguu. Sikuumwa. Nilikuwa naona tutakaa mkeka mmoja wa wafiwa, na mimi nitakuwa nakuangalia nikihesabu. Nimekuchukia miaka ishirini na mitano, na wewe hata hukujua kama unachukiwa. Kazi nzito nimeibeba bure, na hakuna wa kunipa pole.

Yeye nilimuuliza neno moja tu. Nilimwambia, "Kwa nini hukuniambia ni wa Hajra?"

Akasema, "Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana ukiusikia unatoka nje."

Ni kweli nilikuwa natoka. Akianza kuupiga mimi nachukua ndoo, naenda kisimani hata kama maji yapo. Yeye akadhani ni uchungu wa mtoto, akaniheshimu, akanyamaza. Mimi nikadhani ananidharau ndani ya nyumba yangu. Hapo ndipo tulipoishi, mama. Jamali na wadogo zake tumewazaa hapo hapo katikati.

Sijui nimkasirikie nani. Wewe una kaburi la kulikalia ukaligombeza. Wa kwangu yuko hai, anakohoa chumba cha pili, nikimwangalia naona mzee tu.

Harusini tutakuja. Sijasema nitakuwa nimezoea. Ukiniona nimekaa mbali usije kunivuta, nitasogea mwenyewe. Nitaleta ufuta debe moja na khanga za binti, usikatae.

Juzi nilimwambia achukue gitaa. Akasema vidole vimekufa. Nikamwambia piga na vilivyobaki. Akapiga, pengine anakosa, anarudi nyuma, anaanza tena. Nilikaa. Sikuwa najua kama ni mrefu vile. Mimi nilikuwa naufahamu mwanzo wake tu, pale katikati unapotulia sikuwahi kufika, na mwisho wake sikuwahi kuusikia. Unaisha ghafla, kama mtu aliyeitwa. Nilimuuliza kama ndio umeisha, akasema ndio umeisha.

Alilegeza nyuzi, akaweka gitaa ukutani, akaenda jikoni akachochea moto akaniwekea maji ya kuoga. Tangu anioe hajawahi. Yalikuwa ya moto mno, nikayaacha yapoe.

Zaina